Mapave ya Majivu

Asubuhi ile Hélène alikuwa amekwisha kumwaga bidoni sita za maji, zimebaki mbili. Alifunua shitingi, lile turubai lao kubwa, upande mmoja, akapitisha maji polepole juu ya mapave, matofali ya kutandika barabara, safu kwa safu, akafunika tena haraka kabla jua halijaingia. Yalikuwa mapave mia tatu ya kijivu cheusi, yamepangwa uani mbele ya hangari ya kazi ya mume wake. Ilikuwa siku yao ya nne. Zilibaki siku ishirini na nne.

Majirani walicheka, na mtu asiyejua habari angecheka vilevile. Mwanamke mzima, mwenye akili zake timamu, anapanga foleni kwenye chemchemi kabla ya jogoo, tena mwezi wa kwanza, wakati Bunia nzima inalia kiu, anapanda kilima na bidoni mgongoni, halafu anakuja kumwagia mawe. "Mama Ketsia, yameota?" walimuuliza kila wakipita. Yeye hujibu, "Bado, yako kwa mizizi," na wote wanacheka pamoja. Moyoni hakucheka hata kidogo.

Maana mapave yale yalikuwa na majivu ndani. Simenti ya Bunia inatoka Uganda kwa malori, na barabara ikichafuka huko njiani, bei inaruka mpaka fundi anaweka koleo lake chini anakaa. Ndipo Davy, injenia kijana wa mradi wa barabara, mtoto wa Mahagi, alipomletea Lucien, mume wa Hélène, mfuko wa majivu. Nyuma ya kiwanda kimoja cha sabuni, wanachoma maganda ya mpunga chini ya mapipa makubwa, na majivu wanayamwaga korongoni, mvua ikija inayapeleka mto Nyamukau. Uchafu mtupu. Lakini Davy alisema ukiyasaga vizuri na kuyachekecha, yanaweza kukaa mahali pa simenti, sehemu moja katika tano, na pave likashika lori.

Lucien hakuamini. Hélène ndiye aliyeyatwanga, kwa kinu chake cha kutwangia pondu, akayachekecha kwa pazia la dirisha. Mapave ishirini ya kwanza yalipopimwa nguvu, yakivunjwa kwa mashine ya mradi, Davy aliruka kama mtoto. "Ila sikilizeni muzuri," aliwaambia. "Simenti inakamata mbio. Majivu iko muvivu. Inataka maji na kivuli siku vingt-huit, siku makumi mbili na nane. Ikikauka katikati, imekwisha, hata umwage muto muzima hapana kurudia nguvu yake."

Sasa wakubwa wa mradi walitaka kuona mia tatu. Siku ya ishirini na nane wachague sita, wayavunje, na yakipita, avenue yote kutoka soko dogo mpaka kituo cha afya itapangwa mapave ya Lucien, na malipo ya mwanzo atapewa wiki hiyohiyo. Na hayo malipo yalikuwa na mahali pa kwenda. Muzee Adrien, mwenye kiwanja walichokaa, alikubali kuwauzia ile kona yao, nyumba ya vyumba viwili na hangari, wakileta nusu ya bei mwisho wa mwezi wa pili. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mwenye duka, anaitaka kona hiyohiyo, naye pesa yake iko tayari mfukoni. Tangu wakimbie vita kwao Aveba walikuwa wamehama mara mbili. Kila mara Hélène alipanda bustani, na kila mara wengine walivuna. Kwa hiyo akimwagia mapave yale, alijua kabisa kwamba ni nyumba anaimwagia.

"Hodi hapa."

Alikuwa Mama Berthe, mdogo wake Muzee Adrien. Kitambaa chake cha kichwa kimefungwa ovyo, macho mekundu, na nyuma yake wanaume wawili wa ukoo wao.

"Mama Ketsia, mama yetu ametuacha. Usiku hii, saa nane."

Hélène aliweka bidoni chini, akakaa palepale kwenye udongo mbichi, akalia. Hakulia kwa adabu tu. Bibi yule alimwita "binti yangu ya Aveba" tangu siku walipofika na mizigo yao kichwani, na kila ng'ombe wa Muzee Adrien akizaa, kikombe cha maziwa kilikuja mpaka mlangoni kwao. Walilia pamoja, yeye na Mama Berthe, wakashikana mikono. Kisha Mama Berthe akajifuta uso, akatazama uani.

"Batu iko wanakuya, Mama Ketsia. Toka Kilo, toka Mahagi, mpaka toka Aru. Na jua namna hii. Kaka amesema tuangalie shitingi ya Papa Ketsia. Njo kubwa kushinda zote za avenue."

Hélène aliinuka, akaishika ncha ya shitingi.

"Mama Berthe, ile shitingi iko inafunika mapave. Injenia alikataza jua ifike pale."

"Siku tatu tu. Tunazika, tunangojea ndugu ya Aru, tunarudisha."

"Na papa yake haiko. Iko Kilo, anajenga ukuta ya duka. Anarudi Ijumaa."

"Angekuwa hapa, angekataa?"

Matangani huwa hakuna kukataa. Kiti, sufuria, kuni, shitingi, vyote hupelekwa hata kabla ya kuombwa, na asiyepeleka hukumbukwa, naye siku yake ikifika atazikwa na watu wanne. Tena aliyekufa ni nani? Mama wa mwenye kiwanja. Waswahili wamesema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Hélène ilikuwa mkononi mwa Muzee Adrien. Aende kumwambia nini? Kwamba mawe yake yanahitaji kivuli kuliko maiti?

"Hapana," alisema. "Hawezi kukataa."

Wale wanaume waliishika shitingi ncha nne, wakaikung'uta, wakaikunja. Jua la asubuhi likaanguka juu ya mapave, na maji yakaanza kutoa mvuke.

"Na ile maji mbili?" aliuliza Mama Berthe, kwa sauti ndogo. "Batu watakunywa nini?"

Hélène alimpa na zile mbili.

Alifunika mapave kwa majani ya migomba na vitenge vyake viwili. Upepo wa mwezi wa kwanza hauna heshima. Kabla ya saa sita majani yalikuwa kwa jirani, vitenge vimekauka kama ngozi ya mbuzi. Lakini hakuwepo kuyaona. Alikuwa kwa Muzee Adrien, ameinama juu ya sufuria za maharagwe, kwa sababu mpangaji asiyeonekana kwenye kilio cha mwenye nyumba anajishitaki mwenyewe. Binti yake Ketsia, aliyekuwa anamaliza sekondari, alitumwa chemchemini na wasichana wengine tangu asubuhi, na kila bidoni aliyoleta ilikuwa ya kilio.

Siku ya pili, mchana, wanawake wengi walikuwa wamesinzia, Hélène akachukua bidoni moja iliyojaa, akaiweka mgongoni, akapita nyuma ya choo. Alikuwa amefika kwenye ua wa vichaka vya miyenzi aliposikia jina lake.

"Mama Ketsia. Unakwenda wapi na maji?"

Mama Berthe alikuwa amesimama na wageni wawili ambao Hélène hakuwajua, wanawake wa heshima, viatu vyeusi, pochi kwapani.

"Mi nilisema nipitie mbio tu nyumbani," alisema Hélène. "Mapave yangu, mama. Kidogo tu."

"Mapave." Mama Berthe hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama yangu iko ndani, hatujamuzika, na weye unanywesha mawe."

Wale wageni walimtazama Hélène kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili zake. Mmoja akauliza kwa Kifaransa huyu ni nani, na Mama Berthe akajibu kwamba ni mtu wa kiwanjani kwao tu. Hélène alijua Kifaransa cha kutosha kuelewa hilo. Alirudi, akaishusha bidoni kando ya sufuria, akaendelea kukoroga. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na hesabu moja tu inazunguka: siku ya tano inakauka, kesho siku ya sita.

Walimzika Alhamisi. Shitingi haikutoka, maana ndugu wa Aru walikuwa bado njiani.

Ijumaa saa tisa Lucien alirudi kutoka Kilo, kwa pikipiki, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Habari ya msiba ilikuwa imemkuta stendi, kwa hiyo hakupita nyumbani. Alishuka moja kwa moja kwa Muzee Adrien, akavua kofia, akapeana mikono na safu nzima ya wanaume, akakaa kwenye benchi, akapewa kikombe cha chai. Hélène alimwona kutoka jikoni. Alimwona akinywa chai, akitikisa kichwa, akisema maneno ya pole kama inavyotakiwa. Kisha alimwona akiinua macho juu.

Shitingi ile walipewa kwenye kambi ya wakimbizi mwaka walipotoka Aveba, ndiyo ilikuwa nyumba yao ya kwanza Bunia, na mahali ilipochanika Lucien aliishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni, mshono mrefu uliopinda. Alikuwa amekaa chini ya mshono wake. Alishusha macho, akamtafuta mke wake kati ya wanawake, akampata. Hélène aligeukia moto.

Lucien alimaliza chai yote. Hakuna mtu aliyeweza kusema aliondoka kwa haraka.

Hélène alipofika nyumbani alimkuta mume wake amechuchumaa uani, msumari mkononi. Mapave yalikuwa yamebadilika rangi, meupe-meupe, kama midomo ya mtu mwenye homa. Lucien alikwaruza moja. Unga ukatoka. Akakwaruza la pili, la tatu, la safu ya katikati, la safu ya mwisho. Unga.

"Siku ngapi?"

"Tatu," alisema Hélène. "Na leo."

"Nani alikupatia ruhusa?"

"Nani alinipatia nguvu ya kukataa, Lucien? Unambie. Mama ya Muzee amekufa, wanakuya batu watatu, wanaomba shitingi. Mi niseme nini? Weye ungesema nini?"

Lucien alitupa msumari. Huo ndio ulikuwa uchungu wenyewe: angekuwa hapa angeikunja shitingi yeye mwenyewe, angeibeba begani, angeifunga kwenye miti kwa mikono yake, tena vizuri kuliko wale wanaume. Walikaa wote wawili wakitazama mapave, na hakuna aliyekuwa na mtu wa kumkasirikia.

"Tuyamwagie," alisema Lucien. "Labda bado iko na kitu ndani."

"Papa," alisema Ketsia kutoka mlangoni, "mumwambie Injenia. Leo. Mumwambie yamekauka."

"Akijua, atavunja zote. Atasema tuanze upya. Siku vingt-huit ingine, toka leo, inafika wapi? Mwisho ya mwezi ya pili inapita. Ile mutu ya duka haitangojea siye."

"Na yakishindwa kwa mashine?"

"Yasishindwe," alisema Lucien, kana kwamba ni jambo la kuamuru.

Wakayamwagia. Shitingi iliporudi Jumatatu, wakafunika. Kwa wiki tatu Hélène hakulala zaidi ya saa nne. Alibeba bidoni kumi, kumi na mbili kwa siku, bega likavimba, akahamishia la pili. Davy alipita mara moja, haraka, amekaa nyuma ya pikipiki, akainua kona ya shitingi, akaona maji, akafurahi. "Mama, weye njo injenia," alisema. Hélène alicheka naye. Davy alipoondoka, alichukua bidoni, akarudi chemchemini.

Nisikudanganye, usiku alikuwa na matumaini. Mtu akibeba maji mengi namna ile hawezi kukosa kuamini kwamba yanakwenda mahali.

Siku ya ishirini na nane ilifika. Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya ofisi ya mradi, chembamba, kina harufu ya mafuta ya mashine. Hélène hakualikwa, alimfuata tu mume wake, na hakuna aliyemfukuza. Alikuwepo Davy, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwepo karani na karatasi. Na kwenye kiti cha pekee alikaa Hippolyte, mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye mapave yake yanavuka mpaka yakiwa tayari yametengenezwa. Yeye alikuwa anangoja tu. Majivu yakipita, avenue ni ya Lucien. Yakishindwa, ni yake.

Davy mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchagua yale sita jana yake, huku na huku, bila kupendelea. Aliweka la kwanza kati ya vyuma viwili.

"Trente," alimwambia Hélène, akimwonyesha saa ya mashine. "Mukono ya saa ifike makumi tatu bila kuvunjika, tumepita. Ile ya kwanza, unakumbuka, ilifika trente-quatre, makumi tatu na ine."

Mashine ilianza kunguruma. Mkono wa saa ulipanda, kumi, kumi na tano, ishirini. Hélène alishika ukingo wa kitenge chake. Ishirini na mbili. Pave likalia kama mfupa, likapasuka katikati.

Davy alikunja uso, akaweka la pili. Ishirini na nne. La tatu, ishirini na tatu. La nne lilipanda, likapanda, likafika ishirini na saba, na kwa muda huo mfupi Hélène alisema na Mungu maneno ambayo hakuwahi kumwambia hata siku walipokimbia. Likavunjika. La tano na la sita hakuyatazama, aliyasikia tu.

Davy aliokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole. Alikuwa kijana lakini alijua kazi yake.

"Papa Lucien. Hii ilikauka. Siku za mwanzo kabisa. Juu ya nini, sababu gani?"

Hélène alifungua kinywa. Mguu wa Lucien ukakanyaga wake, kwa nguvu, hapohapo kwenye vidole. Akaelewa. Wakisema ni kilio cha Muzee Adrien, karani atasikia, Hippolyte atasikia, na kabla ya jioni Muzee atakuwa amesikia kwamba wapangaji wake wanamsingizia marehemu mama yake. Na bado kwa Muzee ndiko walikokuwa na haja ya kwenda.

"Ni miye," alisema Lucien. "Nilienda Kilo kutafuta kazi. Nikaacha mapave. Nilisahau maji."

"Ulisahau?"

"Nilisahau."

"Fundi ya majivu," alisema Hippolyte, bila ubaya, karibu kwa huruma. "Amezaa mutoto, amesahau kumunyonyesha." Karani akacheka puani, akiandika.

Lucien alikuwa fundi kwa miaka ishirini na sita. Huko Aveba kulikuwa na kanisa ambalo ukuta wake aliujenga yeye. Alisimama pale, kofia mkononi, akaachia wamcheke, na Hélène alimpenda siku ile kuliko siku ya ndoa yao, na mapenzi hayo hayakuwa na kazi yoyote.

Davy aliwatoa nje. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mungeniambia siku ileile, tungevunja, tunaanza mupya, mi ninaandika tarehe ingine, basi. Mi ningewapigania. Sasa karatasi imeandikwa, inakwenda kwa wakubwa. Na wakubwa hawakutaka majivu toka mwanzo. Walikuwa wanangojea karatasi hii." Alipangusa mikono kwenye suruali yake nzuri. "Sasa watasema majivu hapana kushika. Na ilishika, Papa Lucien. Tuliona wote, ilishika."

"Tuliona," alisema Lucien.

"Mi watanituma upande ingine, najua."

Hélène alitaka kumwomba msamaha, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kila neno alilolifikiria lilikuwa dogo mno. Alimwambia tu, "Kula kitu, mutoto yangu. Umekonda." Davy akaitika, "Ndiyo, mama," akarudi ndani.

Muzee Adrien aliwapokea jioni hiyohiyo, kwenye sebule yake, picha ya mama yake imewekwa mezani kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa amezeeka kwa mwezi ule mmoja. Aliita chai, akauliza habari za Ketsia na mtihani wake. Lucien alieleza kwa ufupi: mapave yameshindwa, anaomba mwezi mmoja, miwili ikiwezekana, atatafuta kazi Kilo, atatafuta popote.

Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama chini.

"Lucien, mutu yangu. Unaona kilio ile? Batu mia ine, siku sita. Nimeuza ng'ombe tatu, haikutosha. Jeneza, muziki ya kanisa, gari ya kutoa batu Mahagi. Ile mutu ya duka alikuya wiki iliyopita, akaweka pesa yote kwa meza hii. Ningefanya nini? Mi sikufurahi. Lakini mama hazikwi na ahadi."

"Hapana, muzee," alisema Lucien.

"Mungekuwa na pesa ningewapatia siye kwa siye. Ninyi hamukuniacha. Kilio nzima mulikuwa pamoja na miye, shitingi yenu, maji yenu. Nimeambia batu yangu wote."

Hélène alitazama kikombe chake. Mama Berthe, aliyekaa kando, aliitikia kwa kichwa, macho yamejaa machozi tena.

"Kuna kitu kimoja," alisema Muzee. "Nasikia mapave hapana kubeba lori. Lakini mutu ya kufa haiko lori. Nilikuwa nataka kufanya kaburi ya mama vizuri kabla ya siku quarante, makumi ine. Unaweza kunipatia mia moja? Na unipangie weye mwenyewe. Mi sitaki fundi ingine."

Nje mtu alikuwa anapiga honi, anaita abiria wa pikipiki. Hélène alimtazama mume wake pembeni, akamwona anaweka kikombe mezani, karibu na picha.

"Nitapanga, muzee," alisema Lucien.

Alipanga siku mbili. Hélène ndiye aliyemletea maji ya kuchanganyia mchanga na ndiye aliyefagia. Kaburi lilitoka zuri, hakuna wa kubisha. Lucien aliyaoanisha mapave ncha kwa ncha, akaacha njia ndogo ya maji ya mvua pembeni, akapiga kila moja kwa mpini wa nyundo mpaka likakaa. Alifanya kama anavyomfanyia mtu atakayekuja kulipa. Yaliyobaki uani, mia moja na tisini na nne, mwenye mpya wa kona alikuwa amesema yaondolewe kabla hajafika kupima, na majirani walikuwa wameanza kuja na matoroli kuyachukua kwa ajili ya vyoo na ngazi, wakisema aksanti sana.

Siku ya sala ya arobaini ukoo wote ulikuja. Padri alinyunyiza maji. Muzee Adrien alisimama mbele ya watu, akamshika Lucien bega, akasema huyu ndiye fundi, na hawa ni watu wake, waliomsitiri mama yake asipigwe jua. Watu wakapiga makofi polepole, makofi ya makaburini. Wale wanawake wawili wa viatu vyeusi nao walipiga.

Hélène alikuwa na maneno yake tayari. Aliyapanga tangu siku ya mashine, usiku mmoja baada ya mwingine: kwamba zile siku tatu ndizo zilizowatoa nyumbani, kwamba bidoni moja tu ingemtosha siku ile, moja, kwamba mume wake hakusahau maji, na hajawahi kusahau maji maishani mwake. Hakutaka chochote tena. Alitaka mtu mmoja tu ajue. Akamsogelea Mama Berthe, na Mama Berthe, alipomwona, akamwangukia shingoni, mzito, analia kama binti mdogo.

"Mi nimebaki bila mama," alisema. "Mama Ketsia, mi nimebaki peke."

Hélène alimshika. Alisimama naye hivyo, mgongo wa mwenzake unatikisika mikononi mwake, na maneno yote aliyoyapanga yakakosa mlango wa kutokea.

"Pole, mama," alisema. "Pole sana."

Na pole hiyo aliisema kwa moyo wake wote, akijua kwamba hakuna wa kumwambia yeye.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, walihama.